Kufuli la Mjomba Obonyo

Kila Jumamosi Eddah aliamkia foleni ya mfereji, hapo kwenye ploti yao Sarang'ombe. Foleni ile ilikuwa na ndimi kali kuliko visu vya bucha.

"Mtoto wa mlevi, rudi nyuma!" alifoka jirani yao, Mama Nzembi, Jumamosi moja. "Kwenu hata ndoo hulewa!"

Watu wakacheka. Mlango wao ulikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, na ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni. Ndani alikuwamo baba yake, Oketch, fundi wa mawe aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka sita. Mama alikuwa matangani Siaya. Kwa hiyo Alhamisi mjomba wake, Obonyo, alimfungia baba humo ili "akauke", pombe imtoke mwilini. Ploti nzima ilimpigia makofi.

"Ukiulizwa, sema ana malaria," Mjomba alikuwa amemwonya Eddah.

Nyuma ya Eddah kwenye foleni alisimama Nanyama, muuza dagaa wa omena. Watu walimwita "mama wa walevi" kwa sababu kila Jumamosi alasiri alikwenda mtaa wa Kawangware 46, kwenye kikundi cha watu walioacha pombe na jamaa zao. Eddah mwenyewe aliwahi kumcheka.

Mara kikombe kikagonga ukuta wa mabati ndani ya nyumba yao: ko-ko-ko-ko.

"Nani anatetemeka hivyo?" Nanyama aliuliza.

"Baba. Ana malaria."

"Malaria gani ya kufungiwa kwa kufuli?"

Ndani, baba akapiga yowe. "Siafu! Wananipanda! Nitoeni!"

Hakukuwa na siafu hata mmoja.

"Nimekudanganya," Eddah akasema huku akilia. "Ni pombe. Hajanywa tangu Alhamisi."

Nanyama akaangusha mtungi wake. "Fungua! Anayekunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kufa. Anahitaji daktari!"

Obonyo akaja mbio. Sauti yake ingeweza kufika Riruta bila simu. "Eddah, ukifungua, mimi si mjomba wako tena! Na wewe mama wa walevi, nenda ukauze omena!"

"Nitauza," Nanyama alijibu. "Lakini kaka yangu nilimfungia hivi hivi. Nilipofungua, nilikuta maiti."

Obonyo akanyoosha mkono aunyakue ufunguo. Eddah akapenya chini ya kwapa lake, akakimbilia mlangoni, akafungua.

Baba alipelekwa hospitali kwa mkokoteni, huku Mama Nzembi akizomea. Daktari alipouliza, Eddah hakuficha kitu. Baba akalazwa siku tisa.

Alipotoka, Jumamosi iliyofuata Nanyama aliwapeleka Kawangware 46. Mama, aliyekuwa amesharudi, alimshika baba mkono mpaka ndani. Obonyo alifuata akinung'unika, akagoma mlangoni.

"Naitwa Oketch," baba alisema mbele ya watu. "Leo ni siku ya kumi na sita."

Hakuna aliyemcheka. Nanyama akamgeukia Eddah. "Ulevi ni ugonjwa, mwanangu, na wagonjwa hutibiwa. Mtu wa nyumbani akiumia, usimfiche kwa uongo. Mwambie mtu mzima unayemwamini, hata ploti nzima ikikuzomea."

Pale mlangoni, Obonyo akakohoa. Alinuka chang'aa kutoka alipokuwa.

"Na mtu anayekunywa kidogo tu?" aliuliza.

Eddah akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.