Kipindi cha Kufyeka

Eyotaru alikuwa akianika muhogo nyumbani kwake Ayivu, karibu na Arua, binti yake Jovia aliporudi kutoka sekondari. Sketi yake ilijaa majani. Mkononi alishika fyekeo.

"Leo tena mmefyeka?" Eyotaru aliuliza.

"Ilikuwa kipindi ya Kiswahili, mama."

"Kwani Kiswahili iko ndani ya majani?"

"Mwalimu hakuna. Kila kipindi ya Kiswahili, sisi nafyeka."

Eyotaru alikasirika. Sera ya taifa ilisema Kiswahili ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza. Kwenye ratiba ya shule kilikuwapo. Muhula wa pili ulikuwa unakwisha, na Jovia hakuwa ameandika hata mstari mmoja.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa shule.

"Wizara haijaleta mwalimu," mkuu alisema. "Nenda wilayani."

Wilayani, karani hakuinua hata kichwa. "Shule haijaomba mwalimu. Rudi shuleni."

Alirudi. Mkuu alikuwa ameondoka kwenda semina.

"Wananizungusha kama mutu hana kazi!" alimlalamikia jirani yake Shakirah, aliyewahi kuwa katibu wa bodi ya shule nyingine.

"Uliandika barua?" Shakirah aliuliza.

"Mimi nasema na mdomo yangu. Haitoshi?"

"Mama Jovia, maneno ya mdomo haina faili. Wazazi waandikie bodi ya shule, wote wasaini. Nakala ipelekwe kwa afisa elimu, igongwe muhuri. Hapo hakuna mutu atasema hakusikia. Na bodi inaweza kutafuta mwalimu wa muda, huku mnangoja wa serikali."

Wazazi thelathini na mmoja walisaini. Mkuu aliisoma barua, akanuna.

"Mnanishtaki?"

"Hapana, mwalimu," Eyotaru alijibu. "Tunaomba pamoja na wewe."

Bodi ilikutana. Tangazo la kutafuta mwalimu likabandikwa hadi mji wa Koboko. Huko aliishi Lukudu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alisomea ualimu wa Kiswahili Kenya, lakini kwa miaka mitatu alikuwa akiuza mitumba sokoni. Vyeti vyake vilikaguliwa, akaajiriwa kwa muda.

Muhula wa tatu, Jovia alikaa mlangoni akamsomea mama yake insha yake ya kwanza. Ilikuwa na makosa, na kalamu nyekundu ya Lukudu ilikuwa imeyaonyesha yote. Eyotaru alisikiliza mpaka mwisho, uso umemng'aa.

"Mwalimu anakuja kweli?"

"Hajakosa hata siku moja. Ila mama, mwalimu ya fizikia ndiyo hakuna."

Eyotaru alishusha pumzi ndefu. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Lete karatasi," alisema. "Na uite Shakirah."