Shifu Geng Alininyooshea Kidole Mbele ya Ndege

"Mwenyewe yupo. Ni huyu hapa."

Jamani, nilitazama nyuma yangu nikidhani kuna mtu mwingine.

Hakukuwa na mtu. Kidole kilinielekea mimi.

Na aliyekinyoosha si adui. Ni Shifu Geng, fundi aliyenipokea kiwandani nikiwa sijui hata kushika drili, akanilea kama mtoto wake. Kwetu shifu ni mzazi wa kazi. Unaweza kugombana na baba yako, lakini shifu huwezi kumjibu mbele za watu.

Sasa mzazi huyo ananiuza mchana kweupe.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Tuko Pudong, Shanghai. Tunaunda ndege za abiria. Mnajua anga hii ina wenyewe, wale watengenezaji wakongwe wawili wa Ulaya na Marekani. Sisi ni wageni mlangoni, na mtandaoni wanatucheka kila siku... eti ndege ya Kichina utapanda ukiwa umeshaandika wosia.

Siku hiyo wanunuzi wa kigeni walikuwa wanakuja kupanda ndege yetu. Maisha yao yote wamenunua kwa wakongwe. Wakiipenda, mlango umefunguka.

Kabla ndege haijatoka karakanani, mafundi tunasimama kuizunguka na masanduku yetu ya vifaa. Kila spana ina kitanda chake kilichochongwa kwenye sponji. Unatazama, unasema kwa sauti, "Kamili." Mmoja baada ya mwingine.

Ikafika zamu yangu.

Kitanda kimoja kilikuwa kitupu.

Nikahesabu tena. "Haijatimia," nikasema.

Karakana nzima ikanigeukia. Spana iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kukwamisha mitambo ya usukani huko juu. Hapo hakuna cha pole wala samahani.

Meneja Shao alikuja mbio, tai imepinda. Akachukua spana kwenye sanduku la jirani, akaichomeka kwenye sponji yangu.

"Haya. Imetimia."

"Meneja, hiyo si ya..."

"Xinlan, binti yangu, basi la wageni liko getini. Mlihesabu vibaya tu. Hakuna mwenye kosa, kwa hiyo hakuna kosa. Tumeelewana?"

Watu wakatazama viatu vyao. Hata mimi nikatazama vyangu.

Ndipo Shifu Geng akasogea mbele.

"Mwenyewe yupo. Ni huyu hapa. Sanduku ni lake, spana kapoteza yeye."

"Mzee Geng, unajua unalosema?"

"Najua. Mtoeni nje."

Ndiyo sheria yetu. Anayetajwa kupoteza kifaa huvuliwa kitambulisho, na haruhusiwi kuigusa ndege tena. Nami nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio ya kazi. Kosa kama hilo ni tiketi ya kurudi kwetu Anhui, kwa mama.

Mlinzi alinivua kitambulisho shingoni. Nilimtazama Shifu. Hakunitazama.

Nikaketi nje, penye pikipiki za umeme. Simu ikaita. Mama.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Ndege imeruka? Nimewaita majirani, tumewasha televisheni."

"Bado kidogo."

"Bado nini? Shangazi yako ameshamaliza mbegu zangu zote za alizeti."

Nikakata nikiwa nalia. Wageni walisimama kivulini wakijipepea usoni kwa karatasi. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Ndege haikutoka.

Hatimaye Dada Peiyun, fundi mwenzangu, akatokea mlangoni.

"Inuka. Unaitwa."

"Kufukuzwa?"

"We inuka. Na futa makamasi, kuna wageni."

Ndani nilimkuta Shifu Geng ameketi chini, nywele zimejaa vumbi, viwiko vinavuja damu. Mbele yake kitambaa, na juu ya kitambaa, spana yangu. Meneja Shao alikuwa mweupe kama mkate wa mvuke. Wageni nao walikuwa wameshaingia, wamesimama pale na mkalimani wao.

Shifu akainuka taratibu.

"Ilikuwa ndani kabisa ya bawa la kushoto," akasema. "Jana niliazima sanduku la huyu binti nikaingia humo. Yeye hajawahi kuingia. Aliyeisahau ni mimi."

Akavua kitambulisho chake mwenyewe, akakiweka kando ya spana.

Jamani... nilimfuata hadi bombani, alipokuwa akinawa.

"Shifu, ulijua tangu asubuhi?"

"Nilihisi."

"Kwa nini ukanitaja mimi?"

"Shao angesema hakuna mwenyewe, ndege ingeondoka. Likitajwa jina, haiondoki hadi spana ipatikane. Na ningejitaja mimi, ningetolewa nje. Nani angeingia mle ndani? Wewe? Ungekwama kiunoni."

"Ungeninong'oneza basi!"

"Sura yako haijui kuficha kitu. Shao angetusoma wote wawili."

"Na kama usingeipata?"

Alifunga bomba.

"Ningekuwa nimekuharibia maisha," akasema. "Nililijua hilo, na bado nilikutaja."

Ndege iliruka kesho yake. Mimi nilirudishiwa kitambulisho, lakini Shifu hakuruhusiwa kuigusa. Mtandaoni walicheka wakashiba, eti imeugua kabla ya kupaa. Wageni hawakusaini kitu. Mhandisi wao mkuu, mama mmoja mwenye mvi, aliomba tu aonyeshwe lile bawa. Akaingiza kichwa, akatoka, akasema watarudi na marubani wao.

Jumapili nilikwenda kwa Shifu. Nikammiminia chai, nikampa kwa mikono miwili kama mwanafunzi anavyompa shifu wake. Hasira haijaisha yote, siwadanganyi. Lakini nilikwenda.

Akanywa. Akasema chai ni nyepesi.

Wapendwa, mkongwe akikosea watu husema ni bahati mbaya. Mgeni akikosea husema, tulijua. Ndiyo maana mgeni hana ruhusa ya kuficha hata spana moja. Mficha maradhi, kilio humfichua... na kilio cha ndege hakina wa kukinyamazisha.

Ukiona mtu amekubali kuchekwa akiwa chini, usiharakishe kumcheka. Huenda amewaokoa waliokuwa wapande.