Rai Amtuma Mjomba kwa Mshauri wa Masomo

Rai Chome alijua mbuzi. Hilo hakuna aliyelibisha. Mbuzi akikohoa mara moja tu, Rai alijua kama ni vumbi au ni maradhi. Alizaliwa upande wa Kinango, kwenye nchi ya ukame, na babake, Mzee Chome, alimfundisha zizini kabla mwalimu hajamfundisha darasani. Basi alipopata nafasi ya chuo kikuu, asomee ufugaji na afya ya mifugo, watu wa kwao walisema kazi imempata mwenyewe.

Alipanga chumba Ukunda, si mbali na chuo. Asubuhi alichemsha chai, akanywa, akaenda darasani. Jioni alirudi, akafua, akasonga ugali, akasoma. Jirani yake alikuwa Roselyne, msichana wa Kakamega. Roselyne alimtangulia Rai miaka miwili chuoni hapo hapo, na mwisho wa wiki alifanya kazi katika hoteli moja huko Galu.

Masomo ya Rai yalikwenda vizuri, isipokuwa moja: Takwimu. Hilo ni somo la kukusanya namba na kuzielewa. Mwaka wa kwanza alianguka mtihani wake. Akafanya nini? Akanyamaza. Hakumwambia mwalimu, hakumwambia mzazi, hata Roselyne hakumwambia. Mwenzake mmoja wa darasani akamtuliza. "Takwimu utaifanya mwaka wa nne. Wengi hufanya hivyo." Rai akayameza maneno hayo bila kuyatafuna. Jamani, mtu akitaka kudanganywa hakosi wa kumdanganya.

Mwaka wa pili, muhula wa mwisho ulipoanza, tangazo lilibandikwa ukutani. Lilisema hivi: asiyefaulu Takwimu hataenda mafunzo ya nyanjani mwaka wa tatu. Somo hilo hufundishwa muhula huu peke yake. Usajili unafungwa Ijumaa. Mwenye shida amwone mshauri wake wa masomo.

Rai alisoma tangazo lile mara ya pili, neno kwa neno. Nafasi zake za masomo zilikuwa zimejaa. Hakuruhusiwa kuongeza jingine, na hakujua lipi aliondoe. Akikosa Takwimu sasa, wenzake watakwenda nyanjani, yeye atabaki. Watahitimu, yeye atabaki. Mwaka mzima utapotea, na alikuwa amemwahidi babake kwamba atamaliza pamoja na wenziwe.

Mshauri wake alikuwa Daktari Mwanatumu, mwanamke wa Msambweni. Kila mwanafunzi alipewa mshauri siku ya kwanza kabisa alipoingia chuoni. Lakini Rai hakuwahi kukanyaga mlangoni kwa Daktari. Katika shule ya sekondari alikosoma, kwenda ofisini kulikuwa na maana mbili: kupigwa, au kuambiwa umlete mzazi. Tena kwao, jambo zito halisemwi na mwenye jambo. Hutumwa mtu wa kulisema.

Basi Rai akapiga simu nyumbani. Hakumpigia babake, aliogopa. Alimpigia Mjomba Garama, kaka wa mamake.

Mjomba Garama alikuwa msemaji. Nusu ya ndoa za kijijini kwao zilipita mdomoni mwake. Alikwenda kuposa, alikwenda kuomba radhi, alikwenda kusuluhisha, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Jumatano asubuhi akashuka Ukunda, kavaa kanzu safi, na kuku kamkumbatia kwapani.

"Mpwa wangu, tulia," alisema. "Wewe simama nje. Usikohoe."

Rai akasimama nje, chini ya dirisha la ofisi. Dirisha lilikuwa wazi, akasikia kila neno.

"Hodi, mwanangu," alisema Mjomba.

"Karibu. Shikamoo, mzee," alijibu Daktari Mwanatumu.

"Marahaba. Tumekuja, na hatukuja kwa ubaya. Tuna kijana wetu. Kijana ana jambo lake, na jambo hilo liko mikononi mwako. Sasa sisi wazee tumekuja kubisha hodi."

Akaendelea. Alimsifu Daktari, akawasifu wazazi wake asiowajua, akausifu mji wa Msambweni na maji yake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza, wala hakucheka, ingawa kuku alikuwa ameanza kulia.

"Mzee, nimekusikia, na nimefurahi umefika," alisema. "Kuku naomba urudi naye, hapa hatupokei kitu. Na mambo ya mwanafunzi siwezi kuyazungumza bila mwenyewe kuwapo. Hata angekuja baba mzazi ningemwambia hivyo. Lakini nikuulize neno moja. Huyo kijana mwenyewe anataka nini?"

Rai aliwahi kumwona mjomba wake akishindana na wazee wakali wa vijiji vitatu. Hakuwahi kumsikia akikosa la kusema mpaka siku hiyo.

Mjomba akatoka nje, jasho limemtoka. "Mpwa," alisema, "nimeposa wanawake wenye kaka wakorofi, na nimepewa. Leo nimeulizwa swali, na mwenye jawabu ni wewe. Kesho ingia mwenyewe." Akapanda gari la kurudi Kinango, yeye na kuku wake.

Rai aliona aibu. Jioni hiyo Roselyne alimkuta amekaa kizingitini, akamuuliza kulikoni. Rai akamweleza yote. Roselyne akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ulimpeleka mjomba akuposee Takwimu?"

"Usinicheke, dada. Nimepotea."

"Hujapotea. Umechelewa tu. Kwani mshauri ni polisi? Ile kazi ni yake, analipwa kukusikiliza. Mimi nilienda mwaka wa kwanza, hata sikuwa na shida yoyote. Nilimwambia, nataka kufanya kazi na huku nasoma, nijipange vipi? Tukapanga. Ndiyo maana unaniona niko hapa."

"Sasa nikifika niseme nini?"

"Sema ukweli. Beba matokeo yako yote, hata yale mabaya. Yale mabaya ndiyo muhimu. Halafu ujue unauliza nini. Ukienda kusema tu 'nisaidie', yeye ataanzia wapi? Haya, mimi ni Daktari. Ingia."

Rai akainuka, akabisha mlango wa jirani yake kama mgeni. Roselyne akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakunja uso. Mara ya kwanza Rai alianza kuomba msamaha. Roselyne akamrudisha nje. Mara ya pili alianza kumlaumu mwalimu wa Takwimu. Akarudishwa tena. Mara ya tatu akasema shida yake kwa maneno machache, akauliza maswali mawili, akasubiri jibu.

"Hapo sawa," alisema Roselyne. "Nenda ukalale."

Alhamisi Rai akabisha mwenyewe.

"Shikamoo, Daktari. Mimi ndiye Rai Chome. Mjomba wangu alikuja jana."

"Marahaba, Rai. Karibu ukae. Mjomba wako anajua kuzungumza. Leo nataka nikusikie wewe."

Rai akaketi, akaweka matokeo yake yote mezani. "Nilianguka Takwimu mwaka wa kwanza, nikaficha. Nataka kwenda nyanjani pamoja na wenzangu. Masomo yangu yamejaa. Niondoe lipi ili nipate nafasi ya Takwimu? Na nifanye nini nisianguke tena?"

Daktari akatabasamu. "Hayo ndiyo maswali. Ungekuja nayo mwaka jana tungeyamaliza kwa dakika chache. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, tuangalie."

Wakaangalia matokeo pamoja. Daktari akamwonyesha kwamba masomo hayafanani. Mengine ni ya lazima, mengine ni ya hiari. Na mengine ni mlango wa masomo mengine, usipopita hapo huendi mbele. Takwimu ni mlango. "Mwenzako aliyekwambia ungoje mwaka wa nne hakuwa na nia mbaya," alisema. "Pengine kwenye kozi nyingine inawezekana. Kwako wewe haiwezekani. Ndiyo maana maneno ya barazani huletwa hapa kwanza, tuyapime."

"Basi niondoe lipi, Daktari?"

"Una masomo mawili ya hiari, ufugaji wa nyuki na ufugaji wa samaki. Yote hufundishwa tena baadaye. Lipi lisubiri, hilo sikuamulii. Mimi nakuonyesha njia. Anayetembea ni wewe."

Rai akafikiri. Kwao hakuna bwawa, ila mizinga ya nyuki iko. Akachagua samaki wasubiri. Daktari akatia saini fomu ya mabadiliko. Kisha akamwambia kwamba wanafunzi wa mwaka wa nne husaidia wenzao hesabu kila Jumatano, bure, katika chumba kimoja hapo chuoni. Rai alikuwa amepita mbele ya chumba hicho miaka miwili bila kujua.

"Neno la mwisho," alisema Daktari. "Baada ya jaribio la kwanza rudi hapa. Ukipasi rudi. Ukianguka, rudi mbio."

Siku hiyo hiyo Rai akajiandikisha. Jaribio la kwanza likaja, na Rai akaanguka. Ndiyo, akaanguka tena. Rai wa zamani angejifungia chumbani. Huyu wa sasa alitoka darasani na karatasi yake mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Daktari.

"Nimeanguka, Daktari. Nimekuja mbio."

"Vizuri. Nionyeshe ulipokwama." Akaitazama karatasi. "Kukokotoa unajua. Hujui namba hizi ni za nini. Kwenu kuna mbuzi?"

"Wengi."

"Waulizie. Wangapi walizaliwa mwaka huu, wangapi walikufa, walikufa wakiwa na umri gani. Fanyia Takwimu mbuzi wa babako. Kisha uende Jumatano ukawaonyeshe wenzako."

Rai akampigia simu babake. Safari hii hakuogopa, alimweleza yote. Mzee Chome alinung'unika kidogo kwa kufichwa, kisha akaenda zizini kuhesabu. Rai alipoziweka namba zile pamoja, akashtuka. Wanambuzi wengi walikufa wiki chache baada ya mvua kuanza. Wazee walikuwa wakisema ni jicho baya. Namba zilimkumbusha alichosoma darasani: mvua huleta minyoo. Kuanzia hapo Takwimu haikuwa tena ukuta mbele yake. Lilikuwa somo la mbuzi, na mbuzi alikuwa akiwajua.

Mtihani ulipofika, Rai aliingia kifua mbele. Matokeo yakatoka, kafaulu, tena vizuri. Mwaka wa tatu akaripoti nyanjani Msambweni siku moja na wenzake, akatibu ng'ombe na mbuzi wa watu mpaka Ramisi. Kila muhula alimwendea Daktari mapema, kabla jambo halijaharibika. Mara nyingine alikwenda kuuliza kuhusu kazi, mara nyingine kuhusu udhamini wa masomo. Mara moja alikwenda kumwambia tu kwamba mambo ni mazuri, na Daktari akasema hiyo nayo ni habari anayoihitaji.

Siku ya kuhitimu, ukoo mzima ulishuka kutoka Kinango. Majina yakaitwa. Rai akapita mbele na joho lake, katikati ya wale wale alioingia nao mwaka wa kwanza. Vigelegele vya mamake vilisikika mpaka barabarani. Roselyne, aliyekuwa sasa msimamizi hotelini, aliomba ruhusa kazini akaja kushangilia.

Mzee Chome si mtu wa maneno. Alimngoja mwanawe mlangoni mwa ukumbi, akaushika mkono wa joho, akautazama, akauachia.

"Umefika na wenzio," alisema.

Rai alilia palepale, mbele ya watu wote, wala hakuona haya.