Soketi Isiyo na Nyaya

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani. Jioni fundi simu alirudi kutoka kazini, mkewe akamimina chai, na mama yake fundi, ambaye magoti yalishamchosha, aliketi chumbani kwake huko nyuma, mlango wazi ili asipitwe na maongezi. Siku moja akawaambia kuwa mchana simu ya sebuleni ililia, naye akajikongoja kwa kushika ukuta, lakini alipofika ilikuwa imekatika. Aliomba awekewe soketi ya simu kando ya kitanda chake.

Fundi alisema kesho. Nusu ya mtaa walifungiwa simu na mikono yake, lakini mganga hajigangi. Kesho ikazaa kesho, mvua zikaja zikaisha. Hakuwa mtu mbaya. Alirudi amechoka, na nyaya alizoshika kutwa zilikuwa zimemkinaisha.

Kisha mama akamtania mbele ya jirani.

"Ukitaka mwanangu akuwekee simu," alisema, "sharti usiwe umemzaa."

Jirani alicheka sana. Fundi akaona haya.

Jumamosi hiyo alitoboa ukuta, akakaza soketi mpya kwa skrubu mbili, akachomeka simu nyekundu. Ilipendeza. Ila nyuma ya soketi hapakuwa na waya hata mmoja, maana kuuvuta kutoka sebuleni kulitaka apande darini, na darini kulikuwa na joto. Mama alipouliza mbona simu haina mlio, alijibiwa kwamba ofisini wataifungua laini wiki hiyohiyo. Ilikuwa danganya toto, na aliyedanganywa ni mtu mzima. Fundi alikusudia kupanda darini Jumamosi iliyofuata. Hakupanda.

Wiki ya tatu, asubuhi, wengine wakiwa kazini, mkono wa kulia wa mama ulikufa ganzi. Aliinua simu kwa mkono wa kushoto. Kimya. Akabonyeza namba za mwanawe, akasubiri, akabonyeza tena. Simu ya sebuleni ilikuwa hatua kumi na mbili tu, na mguu bado ulimtii. Hakwenda, kwa kuwa hii iliyo kando yake iliwekwa na fundi anayemwamini kuliko wote. Mkamwana wake alimkuta saa nane mchana, mguu nao umekwisha kulegea, simu ingali mkononi.

Daktari alisema kwamba angeletwa mapema, huenda mkono na mguu vingepona. Fundi alisimama kando ya kitanda cha hospitali.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "uliniambia wataifungua wiki ile. Nikadhani mimi ndiye ninayebonyeza vibaya."

Fundi alilia bila kujificha. Alipofika nyumbani alipanda darini na nguo zilezile alizoendea hospitalini. Kuunga nyaya kulimchukua dakika arobaini.

FUNZO

Ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo tunalijua sote. Lakini wenzangu, kuna baya kuliko kuchelewa, nalo ni kujifanya tumetenda. Wazazi wetu hawakagui kazi zetu; wanatuamini tu. Kama hujaweza, sema hujaweza. Ukuta ule ungeachwa mtupu, mama angeinuka mapema akaenda sebuleni.