Yule wa Kipili

Soko la Sumbawanga lilifurika siku ya mnada. Mzungu mmoja wa idara ya maji alikuwa anarudi kwao, na vitu vyake vinanadiwa. Atuganile, binti wa Kyela aliyekuwa akiunganisha simu posta, sweta ya njano juu ya gauni la maua, akanyoosha mkono kununua sanduku la kioo la kufugia samaki. Ukuta wake mmoja ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini.

"Ndugu, humo utafuga samaki gani, wa kukaanga?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati la kaki, vidole vimejaa makovu madogo madogo.

"Wewe nani?"

"Ignasi, fundi vioo. Utanitafuta tu, bora tujuane mapema."

Atuganile akacheka, akalinunua na kumpelekea. Ziwa la kwao Kyela alilikumbuka kila asubuhi ya baridi, akataka walau maji kidogo yenye uhai chumbani.

Ignasi alibandua kioo kibovu, akaparura kutu ya fremu, akakata kioo kingine. Puti ya kushikizia kioo madukani hakuna mwaka ule. Akakanda yake kwa unga wa chokaa na mafuta ya rangi.

"Njoo Jumamosi, ikauke."

Jumamosi ikafika. "Bado mbichi, mpenzi."

"Puti gani hiyo, Ignasi? Uji?"

Ikaenda hivyo mpaka mvua zikakatika. Atuganile alikwisha kuibonyeza kwa ukucha akaikuta jiwe. Hata hivyo akaendelea kuja na chapati.

Ndipo kazini wakamwambia kuna nafasi Tukuyu, ajibu Jumatatu. Mapenzi yapo, lakini neno la ndoa Ignasi halijamtoka. Abaki huku Ufipa kwa ahadi ipi?

Ijumaa Kristiana, mwenzake wa zamu, alitoka kunywa chai. Atuganile akakalia kiti chake, akavaa hedifoni kukagua laini ya Namanyere. Sauti ya Ignasi hiyo!

"Eustaki, yule wa Kipili umempata?"

"Nimempata, bwana. Mdogo, mzuri, ana madaha huyo!"

"Mlete leo leo. Atalala kwangu. Ila Atuganile asijue."

Akachomoa waya.

Kesho yake akasimama mlangoni kwa fundi, kitenge kimefungwa kama cha mtu wa ugomvi.

"Nipe sanduku langu. Nahamia Tukuyu."

"Tukuyu? Atu, kuna nini?"

"Muulize yule wa Kipili! Mtoe, nimwone!"

Ignasi akaduwaa, kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Kumbe ulisikiliza?"

"Ndiyo kazi yangu!"

"Hiyo si kazi, ni tabia. Haya, ingia. Usimpige tu, kachoka na safari."

Akavuta shuka. Sanduku limejaa maji hadi juu, halivuji hata tone. Ndani, samaki mmoja wa ziwani Kipili, mwenye milia ya buluu, anazunguka, anabusu kioo.

Atuganile akajikalisha juu ya debe. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Ulisema atalala kwako!"

"Nimpeleke gesti?"

"Na kwa nini nisijue?"

Kicheko kikamkauka Ignasi. "Nilitaka umwone kwanza, ndipo niseme. Tuoane, Atu. Ukienda Tukuyu nitafungasha vifaa vyangu nikufuate. Kila mji una madirisha."

Atuganile akageukia samaki, asije akalia mbele ya mwanamume.

"Kwetu posa ni ng'ombe," akasema. "Baba hatapokea samaki."

"Nitatafuta ng'ombe."

"Basi funga mlango, baridi inaingia. Jumatatu nitawaambia Tukuyu wamtafute mwingine."