Alinisamehe Kosa Alilolifanya Yeye

"Baba Padre, ni yeye amefuta vitabu vya ubatizo. Lakini mimi namsamehe. Ndoa yetu iendelee."

Aliyesema hivyo ni Gidioni... mchumba wangu!

Alisema mbele ya halmashauri nzima ya walei, watu kumi na wawili, mkono kaniwekea begani.

Wadau, naomba mnisome mpaka mwisho. Na wale wa kusema "dada una hasira sana", ndiyo, ninazo, piteni.

Naitwa Happyness, nina stationery pale Lusahunga. Wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe kutoka Shinyanga, mimi nimezaliwa hapa hapa. Kwa baadhi ya watu bado ni "wa kuja".

Parokia yetu iko upande wa Ngara, jina nalihifadhi. Upepo uliezua paa la ofisi, vitabu vya ubatizo vikalowa mpaka vikawa uji. Bahati nzuri Padre alikuwa amenipa kazi ya kuvihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, na nilikuwa nimeshapiga picha kurasa zote na kuziweka humo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzichapa jina kwa jina, mwaka kwa mwaka.

Ile kompyuta ilikuwa nzee balaa. Unaiwasha, unamenya ndizi za chakula cha mchana, unarudi bado inazunguka.

Nikaiwekea diski mpya ya SSD, zile zenye kasi. Lakini SSD peke yake haitoshi. Ukiingia bayosi, zile settingi za ndani kabisa kabla Windows haijawaka, kuna sehemu ya kuchagua mashine iongee vipi na diski. Kuna IDE, ya kizamani, na AHCI, ya kisasa. Nikaweka AHCI, nikapiga Windows upya, nikarudisha picha zangu. Ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Gidioni alikuwa amekaa pembeni yangu siku hiyo. Nikamwonyesha kila kitu, si mchumba bwana!

"Unabonyeza F10 hapa," nikamwambia. "Ila ukiirudisha IDE kienyeji, Windows inagoma. Mafaili yote yapo, lakini utadhani mashine imekufa."

Akacheka, akasema nina akili kuliko wahandisi wa mjini.

Nikayeyuka.

Tangu hapo kila jioni alikuwa ananipigia simu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Mpenzi, umefika mwaka gani?"

Nikimwambia 1984, anauliza kesho yake. Nikimwambia 1986, anauliza tena. Nikawa najisifu kwa mashoga zangu kwamba nimepata mwanaume anayejali kazi yangu.

Wiki ile nilifika 1988. Gidioni alibatizwa 1990.

Jumatatu flashi yangu yenye kopi ikapotea mezani. Nikajilaumu, nikasema ni uzembe wangu. Jumanne asubuhi nawasha kompyuta... skrini ya bluu! Nazima, nawasha, bluu! Kabla hata sijakaa nifikirie, simu ikaita, ninaitwa kikaoni.

Nilikuta maneno yameshapikwa. Aliyeyapika ni mama Eustakia, shangazi yake Gidioni, ambaye zamani alikuwa katibu wa parokia. Mama huyu ndiye aliyenitafutia Gidioni na kunipeleka kwao. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika.

Akasema nimefuta ubatizo wa watu elfu nne makusudi, kwamba sisi wa kuja hatuna uchungu na parokia ya watu. Akataka niondolewe kwenye jumuiya. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wale wale niliowapigia picha za pasipoti bure mwezi uliopita!

Ndipo Gidioni akasimama na msamaha wake.

Nilitaka kulia, kweli nilitaka. Lakini akaendelea kuongea, na hapo ndipo alipojikwaa.

"Jumapili tunatangazwa mara ya kwanza," alisema. "Kwa kuwa vyeti vya ubatizo havitapatikana, Baba Padre, tutumie kiapo cha mashahidi. Wangu wawili wako hapo nje."

Nikachungulia dirishani. Kweli wapo, wamevaa makoti na tai, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Kompyuta imekufa leo. Mashahidi wamepiga pasi makoti saa ngapi?

Machozi yakakauka yenyewe.

"Padre Juvenali," nikasema, "naomba dakika tano na ile mashine. Mbele yenu wote."

"Ili aifute mara ya pili?" mama Eustakia akauliza.

Padre akanyanyuka. Tukaingia ofisini wote, tukabanana.

Nikaizima. Nikaiwasha. Mkono wa Gidioni ukaanza kutembea kuelekea kwenye waya wa umeme.

"Happy, achana nayo tu, nimeshakusamehe," akanong'ona.

"Gidioni, weka mikono mfukoni."

F10. Nikashuka mpaka sehemu ya diski. Imeandikwa IDE.

Nikamweleza Padre kwamba mashine haijibadilishi yenyewe, kuna mtu ameketi hapa akaibadilisha. Nikaweka AHCI, nikasevu. Skrini ikawa nyeusi. Wadau, nilihesabu moyoni mpaka tisa, na kila namba niliiona kama mwaka mzima.

Windows ikawaka.

Picha zote zipo! Hakuna hata ukurasa uliopungua.

"Sasa Padre," nikasema, "tuanze na mwenye haraka."

Nikafungua 1990. Ukishafunga ndoa kanisani, hata kama ni mbali, parokia uliyobatizwa inaandikiwa, nayo inajaza pembeni ya jina lako. Padre akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Gidioni Anatory. Kafunga ndoa na Keza Niragira, Biharamulo, mwaka 2018."

Gidioni akaangalia sakafu. Funguo za ofisi zilichungulia mfukoni mwake, funguo ambazo hakupaswa kuwa nazo.

Lakini Padre hakuwa amemaliza. Aliikuza ile picha, akasoma saini ya aliyejaza. Kisha akageuka taratibu.

Saini ilikuwa ya katibu wa wakati huo. Eustakia.

Yule mama alijaza ndoa ile kwa mkono wake mwenyewe, halafu akaja kunichumbia kwa ajili ya mpwa wake!

Hakuomba hata radhi. "Keza ana miaka sita hajazaa," alisema. "Mlitaka tukae tunamwangalia?"

Kwa hiyo mimi nilikuwa tumbo tu, jamani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kusingiziwa.

Pete nilimwachia juu ya kibodi. Kazi sikuiacha. Alhamisi nilifika 1990, nikachapa jina lake na ndoa yake herufi kwa herufi, nikatengeneza kopi tatu. Kisha nikaitafuta namba ya Keza, nikamweleza yote. Akaniuliza kama naweza kumtumia ule ukurasa. Nilimtumia dakika ile ile.

Dada zangu, mwanaume akikuuliza kila jioni kazi yako imefika wapi, usikimbilie kufurahi. Muulize kwanza anaogopa ufike wapi.