Kilomita Kumi na Moja

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, alimwonea kijicho mdogo wake kwa pikipiki mpya, ambayo kioo chake kilitaja kilomita zilizosalia kabla mafuta hayajaisha.

"Kaka, hakikosei hata kidogo," mdogo mtu alijigamba akimwazima ufunguo. Kioo kilisema kumi na moja.

Roho ikimuuma, akajaza tangi pomoni ili akiumbue. Bado kilisema kumi na moja.

"Kumbe kibovu!" Akacheka, akaenda kufuata vyuma.

Kilipofika sifuri, injini ikazimika njiani, ukungu na giza la jioni vimetanda. Akatikisa pikipiki, mafuta yakacheza tele tangini.

Kioo kikaandika tena kumi na moja, kisha kumi, kisha tisa, ilhali yeye kasimama tu, na mngurumo wa pikipiki nyingine ukimkaribia kutoka gizani.

Kwenye sifuri ukakatika ubavuni mwake. Hakuona kitu, ila joto la injini ya pili likamchoma goti.